Panya Juu ya Kichwa cha Inès

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nisamehe, kitabu changu. Tangu Pasaka sijakugusa. Kazi, basi, mtoto — nikikaa tu, nimelala. Leo naandika sababu naogopa.

Inès kachora jina lake shuleni. Wanasoma juu ya Wanahua, watu wa zamani wa Mexico. Walichora kichwa cha mtu, kamstari kadogo, halafu mnyama au mdudu: sisimizi, panzi, kipepeo. Huyo ndiye jina lake. Wenzake wakajipa vipepeo na nyuki. Wangu kachora panya! Eti ndivyo bibi anavyomwita kwenye simu — Kapanya.

Na mchoro wameubandika ukutani, kila mtu auone.

Jumanne, 4 Novemba

Mwalimu Fareen kapiga simu. Wazazi wake walitoka Mwanza, Kiswahili anakisikia vizuri. Ndiyo shida.

"Mama Inès, nani anamwita mtoto panya? Mnamwita hivyo akikosea?"

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka! Hofu hunichekesha. Akasema sheria inamlazimu kuripoti. Watu wa kulinda watoto watakuja Alhamisi.

Jumatano, 5 Novemba

Tharcisse, baba yake Inès, anasema tuwaambie ni utani wa baba na mtoto. Hapana. Sidanganyi mtu juu ya mtoto wangu.

Lakini ukweli wenyewe! Kwetu Uvira, ukishazika watoto wawili, wa tatu unampa jina la ovyo, kifo kione hapa hakuna cha kuchukua, kipite. Nimweleze nani hilo hapa ugenini Malvern? Na Inès hajui kama alitanguliwa.

Kwenye lifti Adil wa jirani, anayesoma naye, kamuuliza Inès jibini yake iko wapi. Inès kamjibu kwa Kiingereza chake: kwa Wanahua hata watu wazima waliitwa Panya, na wewe hata sisimizi huna! Nikajikaza nisicheke.

Ndani akauliza kwa sauti ya chini kama yeye ni mbaya. Nikamshika mashavu. Hapana, wewe ndiye uliyebaki.

Likanitoka!

Akauliza: niliyebaki kati ya nani? Nikamwambia akapige mswaki.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamekuja wawili. Wakafungua friji, wakatazama kitanda chake. Mmoja, Ariane, anasema Kifaransa. Nikamwambia yote. Akauliza kama kuna wa kuthibitisha. Jumatatu watarudi, waongee na Inès peke yake.

Inès alikuwa mlangoni. Kasikia yote.

Nimemtumia Mama ujumbe Uvira. Atume: picha ya makaburi yote mawili, tarehe kwenye misalaba zisomeke. Karatasi ya hospitali ya Nathanaël, wetu wa kwanza. Sauti ya Mama mwenyewe, aeleze kwa nini Kapanya. Na kofia ya yule wa pili, tuliyemzika bila jina, kama bado ipo — Inès anauliza kichwa chake kilikuwa kikubwa kiasi gani.