Mama Amekula, na Sote Tumekuwa Wakwe

Itiryo, Jumapili jioni. Mvua imekatika, matope bado yapo.

Hamjambo wapendwa? Wazee wangu mnaosoma hapa, shikamooni. Habari za huko mliko, na vifua vinasemaje? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Leo nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi kwenye simu, mnivumilie.

Ni habari ya mama yangu.

Ugonjwa huu wa korona ulipoingia, mtendaji wetu wa kijiji alipita na kipaza sauti. Wazee na wenye vifua wabaki nyumbani, watu wasisongamane, mikono ioshwe. Mama ni mzee, na kifua chake kinamsumbua tangu sisi wadogo. Nikasema amina, tangazo jema hili. Lakini kaka yangu Marwa anafanya kazi Nairobi, na kule wamefungiwa kweli kweli. Akapiga simu na sauti ya kule kule: "Mama asitoke nje kabisa. Na mtu asiingie kwake. Mnaskia? Hata wewe, dada."

Tukafuata. Mama akakaa ndani, dirisha dogo, mlango umerudishiwa. Mke wa Marwa, wifi yangu Nyangi, ndiye anaishi naye pale. Akawa anaweka sahani mlangoni, anagonga kwa fimbo, anarudi nyuma. Mimi nakaa ng'ambo ya kijito tu, nikaacha kwenda. Nilijiona mtiifu sana.

Wiki hii sahani zikaanza kurudi zimejaa.

Nyangi alinipigia analia. "Wifi, mama hali. Jana alikunywa maziwa, leo hata maziwa hataki. Nikimbembeleza ananijibu yuko nyuma ya mlango, eti hata ndama anapelekewa majani akiangaliwa usoni."

Mama akisusa hasusi kwa mzaha, na mwili wenyewe umebaki mifupa. Nilipiga magoti pale pale jikoni, nikamwambia Mungu ukweli: tumemkinga mama na ugonjwa, sasa anatufia kwa upweke.

Jibu lilikuja na mume wangu, akitoka kufunga ng'ombe.

Mwita si mtu wa maneno. Alinikuta nimekaa chini, nikamweleza. Akanawa mikono taratibu, akasema, "Na mimi nimekatazwa kumsalimia? Mimi si nasimama kule zizini?"

Nikamwangalia huyu mwanaume kama nimeletewa mgeni.

Nyinyi wa mikoa mingine niwaeleze. Kwetu Wakurya mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Haingii nyumbani kwake, hawashikani mikono, hawali pamoja. Mwita akienda ukweni anasimama kwenye uzio wa zizi, anageuza uso pembeni, anasalimia kwa sauti. Mama anaitikia akiwa kwenye kigoda chake mlangoni. Chakula cha Mwita kinapelekwa kule kule, mama anakula huku, na habari za mvua na za ng'ombe zinapita katikati. Ndivyo wamekaa tangu anioe. Na katika wakwe wote, hakuna anayependwa na mama kama Mwita.

Kumbe tulikuwa tunajua. Kukaa mbali na mtu huku unamheshimu, sisi tumezaliwa nako.

Hata hivyo sikutaka kwenda na akili yangu ya darasa la saba peke yake. Nikampigia nesi wa zahanati yetu, binti wa Singida, mpole. Akaniambia, "Mama, uani kwenye hewa ni bora kuliko chumba kilichofungwa. Kaeni mbali, vaeni barakoa, msichangie vyombo, mwenye mafua asiende." Nikamshukuru. Mtendaji alisema mzee abaki nyumbani, na nyumba ya Mkurya ina ua, ina ghala, ina zizi. Hakuna aliyesema tumfungie chumbani.

Leo baada ya ibada nikaenda. Nyangi akaweka kigoda nje ya mlango, akasogea. Mama akatoka anashika ukuta, amenuna, hataki hata kuniangalia. Mimi nikaenda moja kwa moja hadi zizini, pale pale anaposimama Mwita. Nikageuza uso pembeni. Nikamwamkia kwa sauti nzito, kama mkwe.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mkwe wako."

"Mkwe gani mwenye kitenge?"

"Mkwe mpya, mama. Tangu leo sote ni wakwe mpaka ugonjwa uishe."

Akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini. Halafu akasema, "Ng'ombe za Mwita nazijua mpaka rangi. Wewe za kwako ziko wapi?"

Nyangi alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Mama naye akacheka, akakohoa kidogo, akacheka tena. "Wakwe wa siku hizi," akasema, "wanakuja mikono mitupu halafu wanataka kulishwa. Nyangi, mletee huyo ugali kule kule. Na mimi nipe wa kwangu."

Akala. Ugali wa mtama na dagaa, ameumaliza, akaomba na maziwa ya mgando. Mimi kule zizini machozi yananiingia kwenye barakoa niliyoishusha kidevuni, natafuna hivyo hivyo, nasema asante Yesu.

Marwa akapiga katikati ya chakula. Akasikia kuku na upepo. "Mama yuko nje? Nani amewaruhusu?"

Nikamwambia, "Leo sote ni wakwe, mimi niko zizini. Mwita amemsalimia mama hivi miaka yote, hajawahi kumwambukiza hata mafua. Muulize mwenyewe kama anakula."

Nikafungua spika, nikanyoosha mkono juu ya uzio. Mama akapaza sauti kwamba anakula, na kwamba amri ya kumnyima watu aipeleke huko huko Nairobi. Marwa anakaa peke yake katika chumba kimoja kule, sikuwa nimelifikiria hilo. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Dada, niweke na mimi hapo kwa wakwe."

Nikaiegemeza simu juu ya nguzo ya zizi, pale pale pa Mwita. Marwa akasalimia. Mama akajifuta mdomo kwa kanga, akauliza, "Na wewe umeleta ng'ombe ngapi?"

Wamezungumza mpaka chaji ikaisha.

Kesho anatangulia Mwita, mama amesema ndiye mkubwa wetu maana ana uzoefu. Na nyinyi, wazee wenu mnawatunzaje? Wanakula? Wanaona uso wa mtu? Naomba mniandikie mapema, nimsomee mama nikiwa kule zizini.