Boriti Iliyoshuka Kilomita Sita

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza maringo. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu. Sweta uliyomfumia haivui hata jikoni.

Nina shida ya kazi, na wewe ndiye mhandisi pekee ninayeweza kumwonyesha aibu yangu. Tumepewa jengo la maktaba ya zamani. Wanataka kupandisha makabati mazito ya vitabu ghorofani, na sakafu hiyo imebebwa na boriti moja ya chuma, mita nane kutoka ukuta hadi ukuta. Chini yake ndipo watoto wanaposoma. Nimeichora kwenye kompyuta na kuikata vipande vidogo vidogo, ili ikokotoe kila kipande kinavyomsukuma jirani yake, mwisho iniambie boriti nzima itapinda kiasi gani. Vipande vimefika laki tatu. Nimeweka kila tundu na kila bolti.

Jana ikanipa jibu: boriti itashuka kilomita sita.

Mkuu wa ofisi alikuwa anapita nyuma yangu. Akasoma, akasema, "Basi waambie wateke maji hapohapo." Ofisi nzima ikacheka. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, Shangazi, na kosa silioni.

Mwanao


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, ila tumeshazoeana. Mwambie mkeo namfumia ya pili, apumzishe hiyo.

Kosa ndani ya vipande laki tatu hata mimi nisingeliona. Uweke kando mchoro huo, usiufute. Chora mstari mmoja. Huo ndio boriti yako. Miisho yake ikalie kuta tu, kama ubao juu ya mawe mawili. Utandaze mzigo sawasawa juu yake. Matundu na bolti achana nayo. Kisha chukua karatasi ukokotoe kwa mkono, maana boriti ya namna hiyo jibu lake lilijulikana kabla sijazaliwa. Majibu mawili yakikataana, kosa halina tena pa kujificha. Yakikubaliana, anza kurudisha vitu kimoja kimoja, na kila mara simama utazame kilichobadilika.

Na mkuu wako usimchukie. Hayo maji yamenichekesha hata mimi.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na nimelipata.

Kwa mkono nilipata milimita thelathini. Kompyuta, kwa ule mstari mmoja, ikasema kilomita thelathini. Nilizitazama hizo thelathini mbili mpaka chai ikapoa. Urefu niliuandika kwa mita, ugumu wa chuma nikauandika kwa hesabu za milimita. Nilipouweka sawa, zikakubaliana.

Nikaanza kurudisha vitu. Matundu na bolti hayakubadilisha lolote la maana. Halafu nikarudisha miisho kama nilivyoiweka mwanzo, imebanwa na kuta isiweze hata kujigeuza. Thelathini ikaanguka hadi sita. Sakafu ile inaruhusiwa kupinda milimita ishirini na mbili. Ikiwa boriti imebanwa, inafaa. Ikiwa imekalia tu, haifai.

Mkuu anasema mchoro wa zamani unaonyesha imebanwa, kwa hiyo tuandike sita na nitie sahihi. Nifanyeje?

Mwanao


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Huku kuna baridi kidogo, lakini sina ninachougua.

Mchoro unakueleza walichokusudia kujenga. Kompyuta inakurudishia ulichoiambia. Ukuta hakuna kati yao aliyeuona. Omba lipu ibanduliwe pale boriti inapoingia ukutani, mwisho mmoja, mtazame. Omba kwa adabu, mkiwa wawili, si mbele ya wale waliocheka. Akikataa, mkono wa kutia sahihi ni wako; siwezi kukushikia.

Shangazi yako


29 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo kaniandikia kwamba siku hizi unashinda nyumbani unapaka rangi milango. Hakusema zaidi, nami sikumchokonoa. Nilichokuambia sikijutii, lakini chakula hakipiti vizuri. Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako


23 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua mwisho wake, ungejilaumu bure.

Nilimwomba kama ulivyoniagiza, mlango umefungwa. Akasema ukuta umepakwa rangi juzi na mkutubi ameshatangaza siku ya kufungua. Nikasema basi sitatia sahihi. Hakupandisha sauti. "Nenda nyumbani," akasema, "mpaka nikuite."

Milango yetu inang'aa yote, Shangazi, hata wa stoo.

Hakuniita. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja mwenyewe, suruali imejaa vumbi la lipu. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Nilitaka kutia sahihi mimi," akasema. "Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikaona afadhali niazime nyundo."

"Umefungua upande gani?"

"Pande zote mbili." Akaninyooshea kidole cha shahada. "Juu ya boriti kidole hiki kinapita. Imekalia kibati tu, haijabanwa na chochote."

"Kwa hiyo ni thelathini."

"Thelathini. Nimeikokotoa kwa mkono." Mke wangu akamletea maji, akayamaliza akiwa amesimama. "Kesho uje kazini," akasema.

Tumesimamisha nguzo ya chuma katikati. Safari hii nilianza na karatasi, kisha mstari mmoja wenye maegemeo matatu, kuta mbili na nguzo. Sasa boriti haipindi hata milimita moja. Mkutubi amenuna, anasema nguzo imemharibia chumba.

Jana makabati yalipandishwa. Walipoanza kuyajaza vitabu, nilishuka nikasimama chini ya boriti na kipimo changu. Baada ya muda mkuu naye akaja, akasimama kando yangu, mikono mfukoni. Hakuna aliyemwambia mwenzake asimame pale. Juu yetu masanduku yalikuwa yakiburutwa, moja baada ya jingine. Lilipotua la mwisho, nikamwonyesha kipimo, akatikisa kichwa kukubali, na mkutubi akawafungulia watoto mlango.

Mwanao