Jina Ambalo Sitaliandika Tena

Gisenyi, Jumanne, 9 Novemba 1999. Ukungu umefunika ziwa tangu alfajiri, manyunyu, mlima hauonekani.

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Baba bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Nakuomba jambo moja kabla ya habari nyingine: lile tangazo la kumtafuta kitinda mimba wako, usilipeleke redioni. Mjomba anayekusomea barua hii afunge mlango, asome polepole.

Nilikuambia kwamba ofisini kwetu waliunganisha kompyuta na waya wa simu. Ina mahali pa kutafutia: unaandika neno, inakuletea kurasa za dunia nzima zenye neno hilo. Wiki mbili zilizopita, wenzangu walipokwenda kula, nilimtafuta mdogo wangu, nione kama yumo kwenye orodha yoyote ya waliokamatwa. Wengine huandika neno moja au mawili. Mimi niliandika kama tunavyoandika matangazo ya waliopotea: jina lake, jina la baba, kijiji, kwamba aliwatoroka watu wenye silaha waliombebesha mizigo, kwamba alionekana Goma kwa fundi cherehani karibu na mpaka, na jina jipya analotumia huko. Nilidhani nikieleza vizuri, nitatafutiwa vizuri. Ikajibu hakuna. Nikafunga, nikaona yamekwisha.

Alhamisi iliyopita alikuja fundi wa mashine kutoka Kigali, kijana aliyekulia Bukavu. Mkuu wetu alisimama nyuma yake pamoja na mgeni wake, mtu wa koti jeusi anayevuka mpaka mara kwa mara na ambaye kazi yake hatuijui.

"Bon, chef, angalia," fundi akasema. "Mutu akitafuta kitu, mashine inabakisha. Siku, saa, yote iko hapa."

"Kumbe! Sasa nitajua nani anasoma habari za mpira kazini."

Wakacheka. Fundi akabonyeza, maneno yangu yakashuka kwenye kioo, yote.

"Ee! Huyu hakutafuta, huyu ameandika barua!"

Mgeni hakucheka. Alisoma mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Mademoiselle, nipe bic yako." Nikampa, Mama. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu, akanirudishia, akasema asante.

Walipotoka nilimwomba fundi afute.

"Hapa nafuta, dada. Lakini kule mbali kwenye ulituma, nao wanaweka. Kule mi sifike."

"Nifanye nini basi?"

"Siku ingine usiambie mashine kitu hauwezi kusema sokoni."

Unalijua daftari langu la tarehe, lile ninalolifungia sandukuni tangu sekondari. Nililifungua jioni ile. Siku niliyotafuta nilikuwa nimeandika hivi tu: "Nimemtafuta, hakuna." Daftari nililificha, na mashine nikaieleza kila kitu.

Leo asubuhi jirani yangu wa hapa Mbugangari, Mama Zawadi, amevuka mpaka kwenda Goma kuuza vitunguu vyake. Nimemwomba apite kwa yule fundi cherehani, amwambie kijana wetu ahame. Naandika huku nikimsubiri. Hata hapa jina sijaliandika, wala ninyi msiliandike mkinijibu.

Jioni. Amerudi kabla ya mpaka kufungwa, vitunguu nusu hajauza.

"Weye, kaa kwanza," amesema. "Iko mutu alifika pale Jumamosi. Aliuliza kijana kwa jina ya sasa. Kisha akauliza kwa ile ya zamani. Fundi mwenyewe ile ya zamani hakuijua!"

"Na kijana?"

"Alitoka Ijumaa, hakuaga. Mukasi yake iko bado kwa meza."

Sijui kama alionywa au alichukuliwa. Mama, ukisema jina lake redioni, utamsaidia yule wa koti. Kama yuko hai, anahitaji tumnyamazie. Kesho naenda kazini kama kawaida, nikikosa wataniuliza.

Msalimie baba, na shangazi mfuma mikeka, na mke wa kaka na mtoto wake mchanga. Mjomba akimaliza kusoma, karatasi hii iingie jikoni, kwenye moto.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.

Jumatano asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: gari lilisimama nje ya nyumba ninayokaa hapa usiku, taa zikiwa zimezimwa, halikushusha mtu. Liliondoka saa nane na nusu. Nililala saa kumi na moja kasoro robo.