Alama ya chaki kwenye kaburi la mawe

Zlatka, niko hospitali. Mimi mzima. Rangel amevunjwa mkono.

Ni Dinko. Ndiyo, Dinko yuleyule mlinzi wa msitu, aliyetuongoza miaka mitatu kwenye utafiti wetu wa makaburi ya kale ya mawe, huko milima ya Strandzha.

Jumatatu nilichora msalaba wa chaki kwenye jiwe la paa la kaburi moja, kuonyesha mahali pa kupimia. Leo asubuhi tumemkuta amelipasua jiwe lote kwa nyundo kubwa na anachimba chini yake. Kwake, msalaba kwenye jiwe ni alama ya dhahabu iliyofichwa. Msalaba wangu, Zlatka!

Nikamwambia, "Dinko, huo nimeuchora mimi."

Akacheka. "We msomi, mwongo mkubwa! Miaka mitatu nawabebea mizigo, leo mnanificha?"

Rangel akashika mpini wa nyundo. "Mzee wangu, acha. Humu hamna kitu, mifupa tu."

Dinko akamsukuma, akauponda mkono wake kwa nyundo juu ya jiwe. Kwa makusudi. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Akainua nyundo tena. Nikampiga kichwani kwa fimbo ya chuma ya kupimia, akaanguka.

Mpaka sasa hajazinduka. Polisi wameandika kwamba nilimpiga mara moja, kumwokoa Rangel. Ndivyo nilivyowaambia.

Nilimpiga mara mbili. Mara ya pili alikuwa chini, nyundo imemtoka, ameziba uso kwa mikono, ananiambia, "Basi, dada, basi." Nilimsikia vizuri kabisa. Nikapiga.