Baba Amevuka

Jumatatu, 4 Agosti
Kutoka shule moja kwa moja dukani. Nimefagia, nimekunja vitenge. Baba yuko nyuma anakunywa chai. Kazi yangu nyingine ni sentensi moja. Mtu akitaja kodi, nijibu: "Baba amevuka." Yaani yuko Nakonde, upande wa Zambia, kurudi hakujulikani. Mwaka huu nimeshaisema mara tatu. Huwa naangalia sakafu. Watu hudhani ni aibu tu. Aibu ipo. Uongo nao upo.

Jumatano, 6 Agosti
Mwalimu wa Uraia kaniinua nitaje matumizi ya kodi ya mapato. Kwa Kiingereza nikatiririka: hospitali, barabara, mishahara. Akasema haya, sasa kwa Kiswahili, kama unamweleza baba yako. Nikarudia Kiingereza kilekile. Darasa zima likacheka.

Alhamisi, 7 Agosti
Kaja kijana na daftari. "Dada, nimefuata kodi." Sentensi ikatoka yenyewe. Akauliza amevuka lini. Nikasema wiki ya pili sasa. Hilo sijui nililitoa wapi. Akaandika, akaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti
Siamini. Kufuli geni mlangoni. Yule wa daftari hakuwa mtu wa serikali! Ni mtoto wa Mzee Silwimba, mwenye fremu hii ya duka. Alifuata kodi ya fremu. Na bahasha yake ya pesa ilikuwa tayari, kwenye droo, mbele ya tumbo langu. Mzee kaamini tumehamia Zambia, fremu anataka kumpa mwingine. Fundi cherehani wa jirani anacheka: "Mmemkimbia mwenye nyumba mkidhani serikali."

Jumapili, 10 Agosti
Nimekiri, mezani, kuwa ile "wiki ya pili" niliitunga mimi. Baba hakunipiga. Akailaani kodi, eti inamsaidia nani. Mama ni nesi kituo cha afya, huwa hambishii. Leo kanawa mikono kwanza.
"Mimi nakatwa kila mwezi, Baba Tumaini. Na mshahara wenyewe unatoka hukohuko. Huo ugali unaokula ni kodi."
Baba kabaki na tonge mkononi. Mimi nimeshtuka mpaka sasa. Lile ndilo jibu alilotaka mwalimu. Kwa Kiswahili.

Jumatano, 13 Agosti
Mzee alisema hafungui mpaka aone namba ya mlipakodi, ya kuandika kwenye mkataba mpya. Baba hakuwa nayo. Jana kapanga foleni, kaipata. Kufuli limetoka.
Jioni kaja baba mmoja na faili. Kataja kodi. Nikainua macho, nikamuuliza ipi.
Ya mapato.
Nikamwambia Baba yupo, anamalizia chai.