Dakika Tatu za Thurlow

Maribeth, mjukuu wangu uliye hospitali,

Tumeanza kuchemsha utomvu wa miti ya mepo uwe sharubati tamu, na chupa ya kwanza nimekufichia.

Jana, kwenye mkutano wa mji, jirani yetu Thurlow alimtetea binti yake. "Kumwandikia mtu ajiue ni maneno tu," akasema, "na sheria inalinda maneno."

Mimi niliyeishia darasa la sita nikampa simu yako yenye ujumbe wa binti yake. "Tusomee basi, bwana msomi. Kila mtu hapa ana dakika tatu za kusema."

Akasoma, "Maribeth, hakuna atakayekulilia." Akamwona mama yako mstari wa mbele, akaketi. Dakika mbili na nusu zikabaki.

Kesho naipeleka simu kwa hakimu, naye aisome. Wewe pona tu. Binti huyo ni mwongo: nimekulilia mpaka mbwa kahama nyumba.

Babu yako mkaidi,
Orrin