Fundi Aliye Ndani ya Ini Langu

Duangta mjukuu wangu,

Jogoo wa jirani kafa. Nilimshinda kwa kelele, wivu ukamuua.

Daktari kasema ini langu limejaa makovu. Nikamjibu, "Ya shujaa hayo! Miaka sitini nakula samaki mbichi, minyoo naiua kwa ndimu." Bibi yako akadakia, "Shujaa gani analiwa na minyoo?"

Ndipo nikakumbuka maneno yako ya maabara niliyoyacheka: mwilini mna protini inayoamuru majeraha yazibwe, na minyoo ikichokoza kila siku, protini hiyo inaziba tu mpaka ini linakuwa gumu. Fundi hodari asiyejua kuacha, kama mimi na hadithi! Na wewe ndiye unayemtafutia breki.

Nimemeza dawa. Samaki leo kachemshwa. Hana ladha kabisa, lakini nimemmaliza. Nataka niwepo siku utakayomsimamisha fundi huyo.

Babu yako Phaiwan,
mzuri kuliko babu za wenzako wote